Njia Aliyoikwepa Waitara

"Mwanamke akipenda, masikio yake huwa ya kuvalia hereni tu."

Mama yake Kokushubira alimwambia maneno hayo kwa simu kutoka Bukoba, siku binti yake alipomtajia kwa mara ya kwanza jina la Waitara. Kokushubira alicheka mpaka wauguzi wenzake wakageuka kumtazama.

"Mama, hata picha yake hujaiona."

"Picha ya nini? Watu wa huko wana mila zao, na wewe huzijui. Mgeni huambiwa alichouliza. Asichouliza hufichwa."

"Waitara hana cha kuficha, mama. Akidanganya hata kidogo uso wake unamsema."

Hayo yalikuwa ya miaka miwili nyuma. Tangu hapo mama alikuwa amelegea kidogo kidogo, kama fundo lililolowa maji. Waitara alijifunza kuamkia kwa Kihaya, akawa anampigia mama mkwe mtarajiwa kila Jumapili baada ya misa, na wiki iliyokuwa inakuja wazee wake walitarajiwa kusafiri kwenda Bukoba kujitambulisha. Kokushubira alikuwa ameshanunua kitenge cha siku hiyo.

Kazi yake ya serikali ilikuwa uuguzi, na alipanga chumba na sebule Nkende, Tarime mjini, mtaa mmoja na Waitara. Siku zake za mapumziko alikuwa wa Waitara na wa baiskeli. Waitara alikuwa na kampuni ndogo ya kuongoza wageni kwa baiskeli kupitia njia za ndani, kutoka milima ya Tarime hadi Robanda, ukingoni mwa hifadhi. Wageni wake wengi walikuwa Wafaransa, na aliyewaleta ni Odile, bibi mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe ambaye ujanani alifundisha Musoma, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinasimama vizuri kuliko magoti yake.

Ijumaa ile Odile alibaki nyuma kwa sababu tumbo lilimsumbua, wakati Waitara ametangulia Robanda na wageni wengine. Jumamosi asubuhi alijisikia nafuu, akataka kuendesha walau nusu ya siku. Kokushubira akajitolea kumsindikiza. Gia za baiskeli yake zilikuwa zimegoma, basi akachukua ya Waitara mwenyewe, ile ya bluu aliyoipenda kama ndama wake wa kwanza, ambayo safari hiyo aliiacha iletwe na gari. Baltazar, dereva wa kampuni, angewafuata mchana na gari.

Barabara kubwa ilikuwa na malori ya Sirari siku hiyo, moja nyuma ya jingine. Odile alikohoa vumbi, akasimama pembeni.

"Koku, mimi sikuja Tarime kunusa moshi. Ile njia pale inakwenda wapi?"

Ilikuwa njia nyembamba ya udongo mwekundu, inashuka kati ya migomba na mashamba ya ulezi.

"Inakwenda Gorong'a. Lakini Waitara anasema haipitiki. Mawe, makorongo..."

"Waitara anasema. Wewe umepita?"

"Sijapita."

"Twende tuone mawe hayo."

Mawe hayakuwapo. Kokushubira aliyatafuta kwa macho kona baada ya kona, akakuta njia iliyokanyagwa vizuri, laini kama mkeka. Ng'ombe walikuwa wakila majani kwenye mteremko, ndege wakapigiana kelele kwenye miti, na gari hata moja halikupita. Odile alikuwa akiimba kwa Kifaransa.

"Hii ni kama kwetu!" akapaza sauti. "Unakumbuka?"

Angesahauje? Mwezi wa sita uliopita Odile aliwaalika wote wawili kijijini kwake, katikati ya Ufaransa, ili Waitara ajifunze jinsi wenzake wanavyopanga njia za baiskeli. Walizunguka vijiji vyenye nyumba za mawe, kwenye vibarabara vya lami visivyo na gari, vyembamba hata ng'ombe wawili wasingepishana. Pembeni kulikuwa na mizabibu, na mbele kidogo ng'ombe weupe, wanene, waliomfanya Waitara ashuke kwenye baiskeli na kuwasalimia kwa Kikurya. Kokushubira alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi. Pale nyasini alimweleza habari za Editha, mdogo wake aliyefariki akiwa bado shuleni. "Nikijaliwa binti," alimwambia, "ataitwa Editha." Waitara alimshika mkono. Baadaye, walipofika kwenye chemchemi ya kijiji kujaza chupa za maji, simu ya Waitara iliita. Alisogea pembeni, akaongea kwa Kikurya, akarudi macho yamelowa.

"Kuna nini nyumbani?"

"Habari njema. Ng'ombe wa mama mkubwa amezaa."

"Na wewe unamlilia ng'ombe, mura?" alimtania, akimwita kijana kwa lugha ya kwao.

"Wewe hujui sisi na ng'ombe," alijibu. Kisha, kana kwamba furaha ile ilikuwa imempa ujasiri, akapiga goti kwenye mawe yaliyolowa, akamwomba awe mke wake.

Kokushubira alikuwa bado anatabasamu na kumbukumbu hiyo njia ilipopinda na kutokea mbele ya boma lenye nyumba mbili za bati na ua wa minyaa. Mtoto wa kike, wa umri wa miaka minne hivi, alikuwa akicheza na kopo mlangoni. Alipoiona baiskeli ya bluu alilitupa kopo, akatimua mbio na mikono yake hewani.

"Tata! Tata!" Baba, kwa Kikurya.

Alifika karibu kabisa, akainua uso, akakuta mwanamke. Mikono ikashuka. Alimtazama Kokushubira kwa namna ambayo watoto humtazama mtu aliyewadhulumu kitu. Na Kokushubira, aliyeshika breki kwa nguvu hadi gurudumu la nyuma likateleza, aliyaona macho yale, paji lile, na lile pengo dogo kati ya meno ya mbele. Alivijua. Alikuwa amevibusu.

"Agustina! Acha wageni wapite!" Mwanamke kijana akatoka nyuma ya nyumba, mtoto mchanga mgongoni, mikono yake imejaa unga wa udaga, ule wa muhogo mkavu. Naye alipoiona baiskeli uso ulimchanua. "Oo! Mmetumwa na Waitara? Karibuni, karibuni sana. Mimi ni Ghati. Mtoto huyu akiiona tu hii baiskeli hajizuii."

"Tunapita tu," Kokushubira alisema.

"Mgeni wa Waitara hapiti kwa mama Mokami bila kunywa uji. Atanigombeza!"

Wakakalishwa kwenye viti kivulini mwa nyumba. Bibi Mokami alitoka na fimbo yake, Odile akainuka na kumpa shikamoo, na bibi akacheka, "We! Mimi na wewe rika moja, unanizeesha!" Uji wa ulezi ukaja, wa moto, kwenye vikombe vya bati. Odile aliunywa kwa furaha, hajui lolote. Kokushubira alikishika kikombe bila kuhisi kama kinaunguza.

"Huyu mtoto," alisema taratibu, kama anayeuliza habari za mvua, "ni wa Waitara?"

Ghati akamtazama bibi. Bibi Mokami ndiye aliyejibu, bila kificho wala haya, kwa sababu kwake hapakuwa na la kuonea haya.

"Ni wa kwangu. Wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Mume wangu alikufa akaniacha na mabinti, na wote wameolewa. Boma libaki tupu? Nikatoa ng'ombe, nikamuoa huyu Ghati. Ni mkamwana wangu. Sisi tunaita nyumba ntobhu. Waitara ni mtoto wa shemeji yangu, damu yetu, tukamchagua aje alale humu nipate wajukuu. Ananitunza vizuri. Mwingine angekuja mara moja akapotea."

"Anakuja... mara nyingi?"

"Kila Alhamisi," alijibu Ghati, na sauti yake ilikuwa na joto ambalo mwanamke yeyote hulitambua. "Isipokuwa alipokuwa Ulaya."

Alhamisi. Usiku wa zamu ya Kokushubira wodini.

Nyumba ntobhu aliifahamu. Wanawake wa ndoa hizo walikuja kliniki na watoto wao, akawapima na kuwachanja kama wengine, hakuna aliyemuudhi. Na kama ingekuwa Agustina peke yake, mtoto aliyezaliwa kabla hawajajuana, moyo wake ungetafuta pa kuliweka jambo hilo. Lakini yule wa mgongoni alikuwa ameanza kulia, na Ghati alikuwa na unga mikononi.

"Nipe nimbembeleze. Mimi ni muuguzi."

Mtoto alinyamaza mara alipofika kifuani kwake. Alikuwa mzito, msafi, ana meno mawili ya chini. Alimkamata Kokushubira kidole na kukipeleka mdomoni.

"Huyo alizaliwa Waitara akiwa hukohuko kwa Wazungu," Ghati alisema huku akikung'uta mikono kuondoa unga. "Nilimpigia kutoka zahanati, mwenyewe sijanyanyuka hata kitandani. Alilia kwenye simu, dada! Nikamwambia, mama amekubali jina utoe wewe. Hakufikiri hata kidogo, akalitaja palepale."

"Anaitwa nani?"

"Editha."

Odile akashusha kikombe. Alikuwa ameona uso wa mwenzake.

Kokushubira alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakuweza kumchukia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba pale palipopaswa kuwa na chuki palikuwa na mtoto anayenyonya kidole chake. Akambusu kwenye utosi, akamrudisha kwa mama yake kwa uangalifu, kama alivyorudisha watoto wa watu kila siku ya kazi.

"Dada," Ghati akauliza, safari hii polepole, "na wewe ni nani kwa Waitara?"

Pete yake ilikuwa chini ya glavu ya baiskeli. Angeivua glavu ile, basi, jambo lingejieleza lenyewe. Lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake hakumkosea kitu. Alimkaribisha, akampa uji, akampa mtoto wake.

"Huwa namsaidia siku za wageni," alijibu. "Ghati, ahsante kwa uji."

Alisogea hadi kwenye minyaa na kupiga simu.

"Baltazar, njoo utuchukue. Tuko Gorong'a."

Upande wa pili redio ya gari ikazimwa.

"Gorong'a... sehemu gani, dada Koku?"

"Unapajua, Baltazar."

Na kweli, alipajua. Gari lilifika moja kwa moja bila kuuliza njia kwa mtu. Baltazar hakuthubutu kumtazama usoni. Alifunga baiskeli ya Odile juu ya gari, akanyoosha mkono kuichukua ile ya bluu.

"Hiyo iache," Kokushubira alisema. Agustina alikuwa ameshachuchumaa kando yake, akizungusha pedeli na kutazama gurudumu likizunguka. "Mwenyewe ataifuata."

Njia nzima hadi Robanda maneno yalikuwa machache.

"Ulijua tangu lini?"

"Dada, mimi ni dereva tu. Yale ni mambo ya nyumba ya watu."

"Na ofisini wanajua?"

Baltazar akabadilisha gia pasipo na kilima, na hilo likamjibu. Watu wote walijua, isipokuwa yeye aliyekuwa anashonewa gauni la harusi. Odile, kiti cha nyuma, alimwekea mkono begani na kuuacha hapo. Hakumpa ushauri wowote, na Kokushubira alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipofika kambini. Waitara alikuja mbio kutoka kwenye mahema, kofia mkononi, tabasamu lake lote usoni. Alikuwa mzuri. Hata saa ile Kokushubira aliona kwamba alikuwa mzuri, akajichukia kwa kuona.

"Mmechelewa! Nilikuwa nataka kuwafuata." Alimfungulia mlango, kisha akainua macho juu ya gari. "Mbona baiskeli ni moja? Yangu iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani kwako."

"Nkende?"

"Gorong'a."

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Baltazar na Odile wakaondoka kimyakimya.

"Koku, twende kule tuongee."

Walisimama kwenye ukingo wa kambi, mbele ya shamba la mahindi lililokuwa limelazwa na tembo. Waitara alianza haraka, kama mtu aliyekuwa amejifunza maneno hayo muda mrefu.

"Nisikilize kwanza. Ghati si mke wangu. Ni mke wa mama mkubwa, alitolewa ng'ombe za mama mkubwa. Watoto ni wa boma lile, hawataniita baba kisheria wala kimila. Nilichaguliwa na wazee. Kwetu mtu hakatai."

"Agustina ananiambia tofauti. Alikimbilia baiskeli yako akiita tata."

"Ni mtoto, hajui."

"Mtoto ndiye anayejua, Waitara. Sisi wakubwa ndio tuliodanganywa." Sauti yake ilikuwa tulivu, hata mwenyewe ikamshangaza. "Mila yenu siigusi. Bibi Mokami alinieleza kila kitu kwa maneno machache, hakuficha. Ghati hakuficha. Kila mtu niliyemkuta Gorong'a aliniambia ukweli ndani ya saa moja, na wewe nimekuwa nawe miaka miwili."

"Niliogopa ungeniacha."

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningejua cha kuchagua. Ulinichagulia wewe."

"Nilikuwa nataka kukwambia Ufaransa. Pale chemchemi, nilipomaliza kuongea na simu, nilikuja nikiwa nimeamua..."

"Ukaja ukaniambia ng'ombe amezaa."

Waitara akainamisha kichwa.

"Mwanamke yuko zahanati amelala na maumivu yake, amekupigia wewe kwanza, na wewe ukamwita ng'ombe. Nami nikakupongeza. Nikacheka. Halafu lile jina."

"Koku..."

"Nilikuwa nimekwambia asubuhi ileile. Sijawahi kumwambia mtu. Mdogo wangu ana kaburi kule kijijini ambalo mama huenda kulipalilia mwenyewe mpaka leo. Nilikupa jina lake ulitunze. Ukalitoa kabla ya chakula cha mchana."

"Lilikuwa ndilo jina zuri kuliko yote niliyowahi kusikia," alisema, na machozi yalimtoka kweli. "Nilikuwa na furaha, sikufikiri. Naapa sikufikiri."

Alimwamini. Ndiyo maana ilimuuma zaidi. Hakuwa ameibiwa na mwizi anayejijua kuwa ni mwizi.

Waitara akapiga goti, kama alivyopiga Ufaransa, akashika pindo la jezi yake.

"Nitaacha. Kuanzia leo sikanyagi tena Gorong'a. Nitaongea na wazee, wamtafute mwanaume mwingine wa ukoo. Alhamisi, Jumapili, siku zote nitakuwa wako. Niambie tu neno moja, Koku, nami sitamwona tena yule mwanamke wala wale watoto."

Labda, kama angesema jambo jingine lolote, moyo wake ungeyumba. Ulikuwa bado unampenda, na moyo unaopenda hautafuti sababu nyingi. Lakini Kokushubira alimwona Agustina na mikono yake hewani, akauona ule uso wa Ghati ulivyochanua kwa baiskeli tupu.

"Inuka," alisema. "Inuka, wageni wako wanatazama."

"Utanisamehe?"

"Mpaka sasa ulikuwa umenisaliti mimi. Hapo ulipo unaniomba nikusaidie kuwasaliti wale. Ghati anakupenda, unajua hilo? Au naye ulimdanganya kuwa ni mila tu?"

Kokushubira akavua glavu, kisha pete. Hakumrushia wala kuiweka chini. Aliufungua mkono wa Waitara, akaiweka katikati ya kiganja, akamfumba vidole kimoja kimoja, kama anavyomkabidhi mgonjwa dawa zake.

"Kesho asubuhi Baltazar atanirudisha Nkende. Usinifuate. Alhamisi ikifika nenda Gorong'a kama kawaida, umwambie Ghati yote kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa watu."

Akageuka, akatembea. Nyuma yake aliitwa mara mbili kwa jina lake refu, lote, Kokushubira, kama alivyoitwa na mama yake tu. Hakugeuka.

Alikaa nyuma ya jiko la kambi, kwenye gogo, akampigia mama. Njia nzima aliiogopa simu hii kuliko alivyomwogopa Waitara. Alijiandaa kusikia habari za masikio na hereni.

"Mama, wazee wasije."

"Wasije kwa nini? Mbona nimeshaagiza ndizi, na baba yako mdogo..." Mama akaisikia pumzi ya mwanawe. "Kuna mwanamke?"

"Kuna mwanamke, na watoto wawili. Wa pili amezaliwa mimi nikiwa naye. Amempa jina la Editha, mama."

Kokushubira aliikaza simu sikioni. Alingoja aambiwe, nilikwambia. Alikuwa tayari kuambiwa. Lilikuwa deni la mama na alikuwa na haki nalo.

"Waitu, mwanangu," mama alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo, imezeeka ghafla. "Jumapili iliyopita aliniuliza kama mguu wangu umepona. Watoto wangu wa kuzaa hawakuniuliza." Akavuta pumzi. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumpenda."

Kokushubira hakulia Gorong'a akiwa amempakata mtoto. Hakulia garini, wala mbele ya mwanaume aliyepiga goti. Sasa alijikunja juu ya gogo lile, simu sikioni, akalia kwa sauti bila kujali nani anamsikia, na kutoka Bukoba akamsikia mama yake naye akilia, hakuna anayemwambia mwenzake anyamaze.